Siku mbili Hue kwa treni: punguzeni wafalme, ongezeni usingizi

Mume wangu, Baba Warda, ananunua korosho Mtwara, na korosho ghafi zetu nyingi zinakwenda kubanguliwa Vietnam. Ndivyo nilivyojikuta jiji la Ho Chi Minh mwezi wa Desemba, nakunywa chai hotelini siku nzima huku mwenzangu akizunguka kwenye maghala. Mikutano ilipokwisha tukabakiwa na siku nne. Nikamwambia siondoki nchi hii nimeona magunia tu.

Tukapanda ndege hadi Hanoi, tukalala usiku mmoja, kesho yake tukashika treni ya usiku kuelekea Hue, mji uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyen tangu 1802 hadi 1945. Hue tukalala usiku mmoja tu, kisha tukaondoka kwa treni ya alasiri hadi Da Nang, mji wa pwani kusini mwa Hue. Tangu niweke picha, shoga zangu wananiuliza tulifanyaje. Basi haya hapa, pamoja na makosa yetu.

La viza nalimaliza haraka: tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni ya Vietnam iko wazi kwa raia wa nchi zote. Jaza majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, hata lile la babu usilolitumia. Tiketi ya treni nayo inaandikwa jina na namba ya pasipoti.

Tiketi ndiyo iliyotuponza. Tulimwachia wakala, tukamwambia "vitanda viwili, chumba cha watu wanne". Akatupa viwili kweli: kimoja cha chini chumba hiki, kingine cha juu chumba cha pili. Sikuangalia. Mkinunua, tazameni namba za behewa na za vitanda kabla ya kulipa, na chukueni vya chini vyote viwili. Vina bei zaidi, lakini cha juu unapanda kwa kukanyaga kijichuma kidogo ukutani, na ukiwa umevaa dira, Mungu akustiri. Tuliokolewa na bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu wake. Alimtazama Baba Warda amesimama mlangoni na begi kama mtoto aliyepotea, akacheka, akamwachia kitanda chake na kuhamia kule chumba cha pili. Mjukuu akabaki nasi, akatugawia machenza.

Kutoka Hanoi hadi Hue ni kilomita 688, na treni inachukua saa kumi na tatu, kumi na nne hivi. Msishangae. Reli yao ni ya upana wa mita moja, sawasawa na Reli ya Kati yetu ya zamani, kwa hiyo anayekumbuka safari ya Kigoma ataijua ile bembea. Kuna bomba la maji ya moto mwisho wa behewa, watu wanajimwagia kwenye tambi za kopo, na mhudumu anapita na toroli la wali na uji wa kuku. Bebeni karatasi za chooni, kanga ya kujifunika (kiyoyozi kinatia baridi ya Lushoto), na kandambili.

Tukashuka saa nne na nusu asubuhi. Stesheni ya Hue ni jengo la Wafaransa la rangi ya waridi iliyopauka, nje madereva wanakuita wote kwa pamoja. Hapa tukafanya kosa la pili: tulikwenda moja kwa moja kwenye ngome ya wafalme na mabegi, bila kuoga, tukidhani tunaokoa muda. Mvua ya Hue mwezi wa Desemba si ya kishindo. Ni manyunyu, yanaanza asubuhi na jioni bado yapo, na mawe ya uani yanateleza. Kufika saa nane nilikuwa sitaki tena kuona mfalme yeyote. Nendeni hotelini kwanza. Hata chumba kikiwa hakijawa tayari, wekeni mabegi, nawa uso, mle. Ngome imekaa pale tangu enzi za Gia Long, mfalme wa kwanza wa ukoo ule, itawasubiri kwa muda wa saa mbili. Na mkiweza kuchagua mwezi, Februari hadi Aprili ni afadhali sana. Oktoba na Novemba mji ule hufurika.

Ndani ya ngome, jueni jambo moja kabla hamjalalamika kwamba nusu yake ni majani. Ni ngome ndani ya ngome: ukuta mkubwa wa nje, mji wa kifalme, na katikati kabisa makazi ya mfalme mwenyewe. Makazi hayo yaliungua 1947, katika vita na Wafaransa. Tena mwaka 1968, katika mapigano ya Tet (mwaka mpya wao) ya Vita vya Vietnam, yaliyoanza mwisho wa Januari, watu walipigana humo humo karibu mwezi mzima. Unaona ngazi za mawe zinapanda, juu hakuna nyumba. Mimi ngazi zile zilinikaa moyoni kuliko majumba yaliyojengwa upya yanayong'aa. Lango kuu la mji wa kifalme, Ngo Mon, lipo. Juu yake ndipo mfalme wa mwisho, Bao Dai, alipokabidhi muhuri na upanga tarehe 30 Agosti 1945.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu humo, nitachagua vyungu tisa vya shaba. Vilisubuliwa kati ya 1835 na 1837 kwa amri ya Minh Mang, mfalme wa pili, kila kimoja kina miguu mitatu na uzito wa karibu tani mbili au zaidi. Vinane vimepangwa mstari mmoja, cha tisa, cha Gia Long, kimesogezwa mbele kama imamu. Sogea karibu. Kwenye kila tumbo la chungu kuna picha zilizoinuka: simbamarara, tausi, mizinga, merikebu yenye tanga, mito na milima ya nchi. Ni kama mtu ameandika orodha ya mali yake yote asije akaisahau. Mvua ilikuwa inatiririka juu ya tausi akawa anang'aa mgongo. Baba Warda, ambaye hupitia makumbusho kwa mwendo wa kuwahi basi, alikaa pale nusu saa, akipiga picha kimoja kimoja.

Tulikuwa tumepanga makaburi matatu ya wafalme siku ya pili. Tulikwenda mawili, na ningerudi ningekwenda yale yale. La Tu Duc ni bustani yenye bwawa na vibanda vya mbao, na mwenyewe aliishi humo miaka mingi kabla hajafa, akitunga mashairi. Hapo tembeeni polepole tu. La Khai Dinh ni kinyume: zege jeusi kwa nje, ngazi 127, lilijengwa 1920 hadi 1931. Ukiingia ndani, kuta zote zimepambwa kwa vipande vya kaure na vioo vya rangi, maua na ndege, kipande kwa kipande. Mtu wa pwani hapo lazima akumbuke kwao. Makaburi ya Kunduchi na zidaka za nyumba za kale zilitiwa sahani za kaure za Kichina vile vile, ila babu zetu walipachika sahani nzima kwa staha, huyu mfalme amevunja kabati zima la vyombo. Pataneni bei kabla na dereva wa gari dogo wa nusu siku, na mwonesheni orodha ya makaburi kwenye simu. Anayeendesha pikipiki Tanga asijidai ataendesha kule kwenye mvua.

Chakula. Supu maarufu ya huko, bun bo Hue, jina lake linataja ng'ombe, lakini mara nyingi ndani kuna kongoro la nguruwe. Vikeki vyao vya unga wa mchele vinavyoletwa kwenye visahani vidogo vina kamba juu, na mara nyingi ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Sisi Waislamu tuliokolewa na neno moja: chay. Maana yake chakula kisicho na nyama, na linatamkwa karibu kabisa na "chai" yetu. Hue ni mji wa Wabudha wengi, kwa hiyo migahawa ya chay ni mingi na wapishi wake si wa kubahatisha. Siku ya kwanza nilisema "chai" nikitaka chai ya rangi, nikaletewa wali na uyoga. Sikuurudisha.

Kahawa ya chumvi msiikose, imebuniwa mji huo huo. Kwa sisi tuliokulia kahawa chungu na kashata, mwanzo unahisi umedanganywa, kikombe cha pili unaomba wewe.

Na pesa: noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Baba Warda alilipa kahawa ya barabarani kwa ile kubwa, akaondoka zake bila chenji. Mama muuzaji alitukimbilia hadi kwenye daraja, ameishika noti juu. Wekeni laki tano mfuko mwingine kabisa.

Kuondoka, chukueni treni ya mchana, hata kama basi ni la haraka. Da Nang ni kilomita mia moja na kitu, lakini ni karibu saa tatu kwa sababu reli inazunguka mlima wa Hai Van ukingoni mwa bahari. Ukitoka Hue bahari iko kushoto, kwa hiyo ombeni viti vya kushoto. Desemba giza linaingia mapema, kama saa kumi na moja na nusu, msikate tiketi ya jioni. Kuna na treni ya watalii kati ya miji hii miwili tangu 2024, ambayo husimama kidogo Lang Co, njiani kando ya bahari, watu washuke kupiga picha.

Hai Van maana yake bahari na mawingu, na mawingu tuliyapata ya kutosha. Muda mrefu dirisha lilikuwa jeupe kama limebandikwa shuka. Halafu baada ya handaki moja likafunguka: maji ya kijani chini kabisa, ufuo mdogo usio na njia, na mkia wa treni yetu wenyewe unakunja kona nyuma. Baba Warda alikuwa amelala, mdomo wazi, machenza ya yule mtoto bado mfukoni. Nilipiga picha tatu likajifunga tena. Mpaka leo anasema nimezitoa mtandaoni.