Pumzi hurudi kabla ya misuli

Wewe unayeanza kazi ya ukocha wa viungo, mchezaji atakayekusumbua zaidi si yule anayeripoti kambini na kitambi. Huyo hata mashabiki wa jukwaani wanamwona. Wa kumwangalia ni yule aliyerudi mwembamba, anayekuambia "nilikuwa nakimbia kila asubuhi, kocha", na kweli alikuwa anakimbia.

Mchezaji akikaa muda mrefu bila mazoezi, kinachotangulia kuondoka ni pumzi. Ndani ya wiki mbili tu maji ya damu yanapungua, kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo kuliko zamani, kwa hiyo moyo unalazimika kwenda mbio kwa kazi ileile. Kuna utafiti maarufu wa Marekani wa mwaka 1984 uliofuatilia wanamichezo wa mbio ndefu na baiskeli walioacha mazoezi: wiki tatu zilipofika, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7 hivi, na siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Nguvu za kawaida za misuli haziishi haraka hivyo. Ndiyo maana anayetoka likizo ya mwezi mmoja husema miguu ipo ila kifua kinawaka.

Mazoezi yakianza, pumzi hiyohiyo ndiyo inayowahi kurudi. Baada ya wiki mbili au tatu mtu anamaliza mizunguko ya uwanja huku anapiga soga, na benchi zima linaamini yuko fiti. Hapo ndipo penye hatari. Kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya paja ina kalenda yake, na ni ndefu kuliko ya mapafu. Msuli wa nyuma ya paja huchanika mara nyingi pale mguu unaporushwa mbele katika mbio za kasi kamili, msuli ukiwa unavutwa na papo hapo unajaribu kufunga breki. Kukimbia taratibu barabarani hakuufundishi kazi hiyo. Hata mchezo wa wanne kwa wanne, ambao makocha wengi tunaupenda, hauufundishi, kwa sababu eneo ni dogo na hakuna anayepata nafasi ya kufikia kasi yake ya mwisho. Kisha inakuja mechi ya kirafiki, winga anapigiwa mpira nyuma ya beki, na anashika paja.

Mwaka 2020 dunia nzima iliona jambo hili. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, iliporudi tarehe 16 Mei baada ya kusimamishwa na korona, Giovanni Reyna wa Borussia Dortmund aliumia kigimbi akipasha misuli tu, siku ambayo angeanza mechi ya ligi kwa mara ya kwanza. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, ilikuwa imekwisha kuruhusu mabadiliko ya wachezaji watano. Kwetu Tanzania ligi ilisimama katikati ya Machi, ikarudi Juni 13, na wachezaji wengi walikuwa wamejifanyia mazoezi wenyewe nyumbani.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kupanga koni, uliza maswali. Likizo ya wachezaji wetu si lazima iwe mapumziko. Wapo waliocheza ndondo, mechi za mtaani, kila wikiendi kwenye uwanja mgumu, maana hela ya ndondo inalipa kodi ya nyumba. Hatakwambia mbele ya wenzake, mwite pembeni. Uliza pia alikuwa wapi. Aliyetoka Njombe au Mbeya anahitaji takriban wiki mbili kuzoea tena joto la Dar es Salaam, hata kama alijituma huko.

Mbio za kasi zianze mapema lakini kwa dozi: wiki ya kwanza mita 20 kwa kasi ya wastani, mara chache, kisha ongeza umbali na kasi kidogo kidogo mpaka kila mmoja awe amegusa kasi yake kamili mara kadhaa kabla ya mechi yoyote. Ongeza zoezi la Nordic: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajiinamisha mbele polepole akijizuia asianguke. Tafiti nyingi zimeonyesha linapunguza majeraha ya nyuma ya paja. Anza na marudio machache, kwa sababu kesho yake watakuchukia.

Mwalimu, yaani kocha mkuu, akitaka mechi ya kirafiki wiki ya pili, usibishane naye mbele ya timu. Mwombe vikosi viwili, kila kimoja dakika 30, na umpe kwa siri majina ya ambao hawajagusa kasi kamili. Na mashuti ya mbali yahesabu. Msuli wa mbele ya paja huumia sana kipindi cha maandalizi, na mastraika hawachoki kubaki uwanjani wakipiga golini baada ya kipenga cha mwisho.