Paa naliona, mawimbi siyapati

SWALI: Nimefunga kiungo cha redio cha gigahezi 5.8 kutoka mnara wangu hadi shuleni, kilomita 8. Madishi yote mawili ni ya desibeli 25. Hesabu ya nguvu ya mawimbi yanayofika ilinipa -58 dBm (ikikaribia sifuri ndiyo nzuri), ila napata -74. Kwa darubini naliona paa la shule juu ya miembe. Redio ni mbovu?

JIBU: Redio iache kwanza. Kuonana kwa macho hakutoshi, maana njia ya mawimbi ina umbo la muhogo: nyembamba kwenye ncha, nene katikati. Kwa masafa yako, kutoka mstari wa kati hadi ukingo ni kama mita 10 pale katikati ya njia, na asilimia 60 yake, yaani mita 6, lazima iwe tupu. Ongeza mita 1 ya mviringo wa dunia. Miembe iliyo mita 2 chini ya mstari tayari inakula mawimbi. Majani yakilowa, ndiyo zaidi.

Lakini pengo la desibeli 16 linatia shaka nyingine: huenda dishi limenasa boriti ya pembeni, yaani mwale dhaifu unaochepuka kando ya mwale mkuu. Legeza nati, zungusha polepole kushoto hadi kulia, usiridhike na kilele cha kwanza cha mawimbi. Ukikuta vitatu, cha katikati ndicho. Kisha liinamishe dishi juu na chini vivyo hivyo. Mwenzako wa shuleni asiguse chake hadi umalize! Cheni mbili (njia mbili za kupokea ndani ya redio) zikipishana zaidi ya desibeli 4, fungua viunganishi utafute maji.

Nguvu ya kurusha usiiongeze. Utawapigia majirani kelele bure.