Barua kwa mwanangu: noti za mamako

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza punda wa jirani alikuwa akilia. Wauliza: fundi wa mashini za boti asiye na mwajiri, ambaye kaskazi hupata elfu 18 kwa mwezi na kusi ikivuma hukaa bure, aweke ngapi ya uzeeni, na akiruka mwezi atatozwa faini?

Faini hutozwa mwajiri anayechelewesha michango ya watu wake. Wewe ukijiunga utakuwa mwanachama wa hiari. Bahari ikichafuka usitume kitu, hakuna atakayekugongea mlango. Haba Haba, mpango wa wasio na mwajiri wa NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni hapa Kenya, ni shilingi 25 kwa siku, na ukiweka miaka 5 waweza kutoa nusu. Ama hiyo nafuu ya kodi aliyokusifia wakala, isikupumbaze. Ni kweli tangu mwisho wa 2024 sheria yaruhusu mchango wa hadi 30,000 kwa mwezi usihesabiwe kodi, mradi usipite asilimia 30 ya pato. Lakini mwenye pato lisilozidi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato hata senti. Mwenye upara atapunguziwa nini kwa kinyozi?

Haya. Naona ulilotaka kuuliza hasa ni kwa nini usiweke nyumbani, kama mamako.

Wajua nisemavyo: pesa haitaki mlinzi, yataka umbali. Mamako alikuwa akinicheka. Pesa zake za mahamri alizificha katika lile kasha la bibi yako, nami miaka yote nikidhani ni za matumizi, zikiingia zikitoka. Alipofariki 2018 hatukuligusa. Juni 2019 ikatangazwa kwamba noti za zamani za elfu moja mwisho wake kutumika ni tarehe 30 Septemba. Mimi nikabadilisha zangu nne, nikajiona mjanja.

Novemba mchwa wakaingia chumbani. Nikalisogeza kasha, ubao wa chini ukalegea, na nyuma yake kuna kijidroo ambacho sikukijua, mimi niliyelipiga kasha lile mafuta kila Ramadhani! Ndani mna kitambaa cha leso kimefungwa kwa uzi wa kofia. Noti 31 za elfu moja, kila moja imekunjwa mara nne, zanukia udi na unga.

Nikazipeleka benki vivyo hivyo. Kijana wa dirishani akazikunjua moja moja, kwa adabu, kisha akanirudishia. "Mzee, hizi zimekufa." Wiki tano tu.

Nchi nzima zilibaki zaidi ya bilioni 7 zisizorudishwa, lakini hilo halikunipoza. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Kisha nikafikiri: kosa lake ni lipi? Kuweka aliweka, tena bila kukosa, kwa faida ya hamri moja moja. Alikuwa na umbali wake, hata mimi sikuufikia. Basi labda umbali nao wazidi. Pesa iliyo mbali hata mwenyewe asiisikie ikiitwa, ni ya nani? Na hizo za NSSF, huoni nazo zi mbali, ile nusu nyingine uisubiri hadi utimize umri wa miaka 50 ama 60? Lakini zile zina jina lako na nambari yako ya kitambulisho. Za kasha hazikuwa na jina. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilala.

Sitakwambia jiunge. Umekua, una mke, na nikikwambia utasema baba amelazimisha. Ila 25 ni hamri mbili na chenji, na kaskazi ndiyo hiyo yaingia. Nimenyamaza.

Noti ningali nazo, katika kijidroo kile kile. Ukija Maulidi nitakuonyesha ule uzi, hakuna aliyeufungua zaidi yangu. Na uniletee ile spana yangu ya 17 uliyoondoka nayo.

Babako