Kanga ya mama mkwe nimeifanya dekio, sasa mume kaninunia

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, ndoa yangu ina miaka mitatu, tunaishi Tandika. Idd el Fitr tulikwenda Pangani kwa mama mkwe. Wifi yangu alipewa doti mpya na mkufu. Mimi nikapewa kanga kuukuu, tena kipande kimoja, kina kiraka, kinanuka karafuu, na pembeni kimeandikwa "Mali ya Abdulla". Abdulla ndiye nani? Tuliporudi nikampa dada wa kazi apigie deki. Tangu siku hiyo mume wangu hanisemeshi. Nilimkuta bafuni saa tano usiku anaifua mwenyewe hiyo kanga. Nahisi ana mwanamke nje. Nifanyeje?
Niliyedharauliwa

Marahaba, mwanangu. Kununiwa ndani ya nyumba ni adhabu, pole. Pole yangu inaishia hapo.

Nianze na Abdulla, maana unamsingizia bure. Hiyo ni chapa ya kanga za Mombasa, za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa tangu karne ya 19 ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla. Mwulize bibi yeyote wa pwani, atakuonyesha yake.

Na hayo karafuu unayoyalalamikia! Nani anatia karafuu kwenye tambara? Karafuu hutiwa kashani, kwenye nguo ambazo mwenyewe hataki ziguswe na mdudu. Kanga hiyo imelala humo miaka, ikatolewa siku ya Idd, ukapewa wewe. Mkufu wa wifi yako sonara anao mwingine.

Umesema kipande kimoja. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na pwani watu wakipendana hugawana doti. Hicho cha pili kiko kwa nani? Hukuuliza. Ulikuwa unautazama mkufu.

Sasa mumeo. Mwenye hawara saa tano usiku yuko kwenye simu, hakai bafuni na kanga ya mamaye. Mimi naona anaijua ile kanga, na kile kiraka anakijua. Nitashangaa sana ikiwa si mbeleko aliyobebewa. Kosa lake ni kunyamaza, angekwambia palepale. Lakini wewe mtu aliyeikuta mbeleko yake ndani ya ndoo ungemtegemea aseme nini?

Wasichana wa siku hizi mnapokea zawadi kama makarani wa bandarini: mnahesabu, mnakagua, mnalinganisha na mzigo wa mwenzenu. Mkufu unaingia stetasi kabla haujaingia shingoni. Barua yako nimeifupisha, ilikuwa kurasa mbili, na nimeisoma yote nikitafuta mahali ulipomwambia mama wa watu ahsante. Hapana. Halafu aliyedharauliwa ni wewe.

Leo usiku mwombe mumeo msamaha, na suala la mwanamke wa nje usilitaje kabisa. Mwisho wa wiki panda basi uende Pangani, simu haitoshi. Jifunge kanga hiyohiyo, mwambie ahsante, kisha mwulize habari ya kiraka. Ukishauliza, nyamaza, mwache mama asimulie. Habari za ndoo ufe nazo.

Ikiwa bado ina madoa, iloweke kwenye maji baridi, ifue taratibu kwa sabuni ya mche, ianike kivulini. Jiki usiisogeze hata karibu.