Jakarta kwa nauli ndogo

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanafunzi mwenye bajeti finyu anaweza kuzunguka Jakarta bila teksi. Anaweza sana. Mimi nilifanya hivyo miezi kadhaa.

Kwanza nunua kadi ya malipo, zinauzwa hata kwenye maduka madogo ya mtaani. Basi la TransJakarta halipokei noti, na bila kadi utabaki mlangoni umeduwaa. Nauli yake ni rupia 3,500, na ukibadilisha basi bila kutoka nje ya kituo hulipi tena. Treni ya mjini, KRL, ni rupia 3,000 kwa kilomita 25 za kwanza. Kwa bei hiyo unafika mbali mno!

Ila saa za kazi, stesheni ya Manggarai ni vita. Watu wanabadilisha treni hapo, wanakusukuma kwa adabu, lakini wanakusukuma. Begi liweke kifuani. Kama ni dada, behewa la kwanza na la mwisho ni la wanawake tu.

Halafu kuna angkot, ndiyo daladala yao: vigari vidogo, abiria mnatazamana magoti kwa magoti. Mara nyingi hakuna konda. Ukitaka kushuka sema "kiri", yaani kushoto, kisha mpe dereva hela. Mimi siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, nikapitilizwa vituo vitatu. Beba noti ndogondogo, chenji ni shida kama kwetu tu.