Baba unayelipwa kwa kazi, achana na hesabu ya mwezi

Ushauri mwingi wa pesa unaozunguka kwenye simu huanza na mshahara. Ukiupokea toa akiba, toa kodi ya nyumba, kinachobaki kigawe kwa siku thelathini. Mshahara upi? Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi, nimepanga Pasua, nina mke na watoto watatu. Kuna wiki naingiza hela ambayo karani wa ofisini haioni kwa mwezi mzima, na kuna wiki nashinda karakana nikipiga soga na seremala wa jirani. Kwa mtu wa namna yangu mwezi ni kipimo kibovu. Kipimo ni mwaka, na mwaka wa Moshi una tabia zake.

Masika yakianza Machi hadi Mei, kazi inalala. Barabara za kupanda Kibosho au Old Moshi zinateleza, wanaojenga wanasimama, na watalii wanapungua mlimani. Hilo la watalii usilidharau kwa kuwa hujawahi kupanda hata Marangu. Wagumu wanaobeba mizigo, waongozaji, wapishi, wafanyakazi wa hoteli, wote wanakaa Majengo, Soweto na Pasua pamoja nasi. Wao wakikosa safari, muuza chipsi anakosa mteja, na mimi nakosa mtu wa kutengenezewa dirisha. Kuanzia Juni mji unachangamka tena. Halafu kuanzia Oktoba mpaka wiki ya Krismasi ndipo fundi chuma anapokula: watu wa Dar es Salaam wanapiga simu wakitaka geti, madirisha, uzio wa kaburi la mzee, na kila mmoja anataka kikamilike kabla familia haijapanda nyumbani, kijijini huko mlimani.

Kwa hiyo kaa na mama watoto mwandike mwaka, siyo mwezi. Upande mmoja miezi ya kazi, upande wa pili mambo makubwa: kodi, shule, chakula, na Desemba.

Kodi kwanza, kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Yangu ilikuwa inaangukia Januari na Julai. Januari! Nilimwendea mwenye nyumba Julai moja nikamwambia, mzee, pokea ya miezi miwili tu, kuanzia Septemba nitakupa sita kamili. Akasita kidogo, akakubali. Sasa nalipa Septemba, kisha Machi kabla mvua haijakolea. Kiasi ni kilekile, ila hatugombani tena. Wengi hawajui kwamba tarehe ya kodi inaombeka kama unavyoomba bei ipunguzwe, mradi uende huna deni.

Shule. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na cha tano na sita ikafuata 2022, lakini baba yeyote anajua sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havikufutwa. Vikoba vingi huvunja Desemba, na fedha ikifika mkononi siku chache kabla ya sikukuu, inapanda mlimani yote. Sisi hununua sare siku ileile kikundi cha mke wangu kinapogawana. Anatoka na fedha, anapitia soko la Memorial kutafuta viatu vya mtumba, anarudi na mfuko. Hapo mgeni aje, shemeji aje, hakuna cha kukopa.

Mahindi nunua yakishavunwa tambarare, Julai na Agosti, bei ikiwa imetulia. Gunia weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ufunge vizuri, vinginevyo dumuzi atakula kabla yako. Familia yenye unga ndani inaweza kuivumilia Aprili yoyote.

Sasa jambo ambalo mafundi hatupendi kulisikia. Mteja akikupa kianzio cha geti, ile siyo pesa yako. Tuseme geti ni laki nane, amekupa laki tano: karibu yote ni bomba, bati, rangi na fimbo za kuchomelea. Mama watoto akiona laki tano mfukoni bila maelezo, ana haki ya kuuliza kwa nini tunakula dagaa. Mwambie. Mimi nikipokea kianzio naenda dukani kununua vyuma kabla sijapita nyumbani, na risiti namkabidhi yeye. Kuna wanaosema mwanamke akijua kipato chako umekwisha. Kwangu hayo ni maneno ya vijiweni. Mwanamke anayejua kipato ndiye anayejua lini aseme hapana kwa ndugu, na sauti yake kwenye hilo ina nguvu kuliko yangu.

Ndugu wanatuleta Desemba. Huku kwetu kutopanda nyumbani Krismasi ni kesi, na kupanda mikono mitupu ni kesi kubwa zaidi. Sishauri mtu akwepe. Watoto wanahitaji kumwona bibi, kula kiburu, yaani ndizi na maharage, kujua kihamba, shamba la ukoo, kinaishia wapi. Ninachoshauri ni kutaja kiasi chako mapema. Novemba piga simu kwa kaka mkubwa: mchango wangu wa kuchinja ni huu, na nitaleta sukari na mchele wa bibi. Ukisubiri kikao cha huko juu, aliyekuja na gari ndiye atakayepanga viwango, nawe utaitikia kwa aibu.

Tena usipande kabla hujakusanya salio. Wateja wa Desemba ni wazuri wakiwa bado wako nyumbani. Akishapanda basi au treni kurudi Dar, utampigia mpaka Pasaka, naye atakujibu kwa heshima zote, "fundi, vumilia kidogo." Kwa hiyo geti nalifunga, nalipaka rangi, nalijaribu mbele ya mwenyewe mpaka aridhike. Funguo za kufuli zinabaki mfukoni mwangu mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu.