Maswali ya Wasomaji: Mechi za Klabu Ndogo Uingereza

Swali: Huu ni mwaka wangu wa pili Uingereza. Tiketi za klabu kubwa zimenishinda, bei na foleni vyote viwili. Nasikia kuna klabu ndogo ambazo mtu anafika getini, analipa na kuingia. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia ngazi ya 7 au ya 8, ukihesabu Premier League kuwa ya 1. Klabu 92 za juu ziko Premier League na madaraja matatu ya EFL, ligi iliyo chini yake. Kuanzia National League, ambayo ni ngazi ya 5, ndipo Waingereza wanapoanza kuziita klabu "zisizo za ligi". Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu zina ligi zao, zinapanda na kushuka daraja kama kawaida. Ngazi ya 5 yenyewe bado ina harufu ya soka kubwa: baadhi ya viwanja hutenganisha mashabiki, na mechi kubwa huuza tiketi mapema. Shuka hadi ligi za ngazi ya 7 na ya 8: Isthmian ukiwa kusini mashariki, Northern Premier ukiwa kaskazini, au Southern League kwa maeneo mengine ya kusini na katikati.

Jumamosi mpira huanza saa 9 alasiri, na Jumanne mara nyingi saa 1:45 usiku. Kiingilio cha ngazi hizo ni karibu pauni 10, watoto wakilipa kidogo sana au wakiingia bure pamoja na mkubwa. Beba kadi na noti kidogo, maana kuna geti linalokataa fedha taslimu na jingine lisilo na mashine ya kadi.

Swali: Nilisafiri saa moja na nusu kwa treni nikakuta geti limefungwa na hakuna mtu. Ratiba niliitazama Jumatatu na mechi ilikuwepo. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa ni hiyo Jumatatu. Ratiba ya klabu ndogo si ya kuaminiwa hadi asubuhi ya mechi, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni makombe. Klabu hizi hucheza FA Cup tangu raundi za awali za Agosti, na pia FA Trophy au FA Vase, makombe ya klabu zisizo za ligi. Timu moja ikisonga mbele, mechi yake ya ligi ya Jumamosi hiyo husogezwa, mara nyingi hadi usiku wa katikati ya wiki. Timu mgeni inaweza kuwa ndiyo iliyosonga, kwa hiyo tazama kurasa za klabu zote mbili.

Ya pili ni uwanja. Maji yakituama au ardhi ikiganda, mwamuzi hukagua asubuhi, na wakati mwingine hurudia saa chache kabla ya mpira. Tangazo huwekwa kwenye mitandao ya kijamii ya klabu papo hapo, tovuti huchelewa. Usinunue tiketi ya treni isiyobadilishika kwa Januari. Au chagua klabu yenye nyasi bandia, ambazo katika ngazi hizi zinaruhusiwa. EFL haizitaki: Sutton United walipopanda kuingia EFL mwaka 2021 ilibidi wazing'oe zao.

Ya tatu husahauliwa: baadhi ya klabu hupanga kwenye kiwanja cha klabu nyingine. Dulwich Hamlet walitolewa Champion Hill mwaka 2018 wakawa wanacheza kwa Tooting & Mitcham hadi Desemba. Kwenye ramani tafuta jina la kiwanja, si la klabu.

Swali: Nisimame wapi, na nivae nini?

Jibu: Hutapewa kiti chenye namba. Unaegemea uzio wa chuma, mstari ukiwa kama mita 2 mbele yako. Ukipenda nyuma ya goli, subiri sarafu irushwe kwanza. Mashabiki wengi husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inashambulia, kisha wakati wa mapumziko wote huzunguka kwenda upande wa pili. Sisi tungesimama karibu na mabenchi ya ufundi kipindi kimoja. Kila neno la kocha linasikika, na mengine si ya masikio ya watoto. Chai fuata dakika ya 40, kabla ya foleni.

Viatu viwe na soli nene. Baridi hupanda kutoka kwenye zege, na Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, yaani kipindi cha pili chote ni chini ya taa.

Swali: Bia pembeni ya uwanja si marufuku?

Jibu: Sheria ya mwaka 1985 inazuia kunywa pombe mahali unapouona uwanja, kuanzia Premier League hadi ngazi ya 5. Chini yake haizuii, isipokuwa klabu yako ikifika FA Cup raundi ya kwanza rasmi, ile inayofuata raundi za awali. Siku hiyo glasi inabaki baa.

Swali: Kiwanja kimoja cha kuanzia?

Jibu: Sandygate, Sheffield, kwa Hallam FC. Mechi ya kwanza ilichezwa hapo Desemba 26, 1860 dhidi ya Sheffield FC, na Guinness World Records, kitabu cha rekodi, wanakitambua kuwa kiwanja kikongwe zaidi cha soka duniani. Kina mteremko unaoonekana kwa macho; tazama timu gani inapewa kushuka kipindi cha pili.